Barua ya Kufunga Muhula wa Pili: Likizo, Matembezi na Kikapu cha Chakula

Wazazi na walezi wapendwa,

Salamu nyingi kutoka shuleni. Ijumaa tunafunga muhula wa pili, na watoto watatoka saa sita mchana baada ya uji. Kadi za ripoti zitatolewa na walimu wa madarasa. Mwenye swali kuhusu alama amwone mwalimu wa darasa kwanza kabla ya kuja kwangu, tafadhali. Tarehe ya kufungua imeandikwa chini ya kadi. Mambo ya karo nimemwandikia kila mzazi peke yake, kwa hiyo hapa siyagusi.

Leo nataka tuzungumze habari ya likizo yenyewe. Juma lililopita niliingia Gredi ya Nne mwalimu wao alipokuwa mkutanoni, nikawauliza watoto watafanya nini shule ikifungwa. Mmoja akasema atalala. Wa pili akasema tuisheni. Wa tatu akasema katuni, wenzake wakampigia makofi. Nikauliza nani amewahi kuingia Makavazi ya Kitaifa pale Museum Hill. Katika watoto 48, mikono 6 iliinuka, na 4 kati yao tuliwapeleka sisi wenyewe. Hawa ni watoto wa Nairobi, waliozaliwa Nairobi, na hapo ni matatu moja mpaka Tao, katikati ya jiji, halafu miguu.

Kuhusu tuisheni nitasema mara moja tu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya likizo. Hakuna mwalimu wa shule hii atakayewaita watoto, na mkisikia yuko anayewaita, nipigieni simu.

Nilipogusia matembezi kwenye mkutano wetu wa Juni, mama mmoja anayeuza mboga alisimama akaniambia, "Mwalimu, hayo ni ya wenye magari. Mimi nikiwatoa hawa wangu watatu wataniomba chipsi, soda na aiskrimu, na Jumatatu sitakuwa na pesa ya kwenda sokoni kuchukua sukuma." Watu wakacheka, mimi nikakosa jibu. Nilipofika nyumbani nilichukua kalamu nikapiga hesabu: nauli ya watu wanne kwenda na kurudi, kiingilio, kisha chakula cha kununua huko. Mama alisema kweli. Chakula peke yake kilikuwa kimepita nauli na kiingilio vikijumlishwa pamoja. Ukikitoa kwenye hesabu, siku nzima ya watoto watatu inawezekana hata kwa muuza mboga, na hata kwa mwalimu. Ndiyo maana barua hii itazungumzia kikapu zaidi ya itakavyozungumzia simba.

Agosti ya Nairobi mnaijua. Ndugu zetu walioko Marekani na Uingereza huja mwezi huu kwa kuwa kwao ni likizo ya jua. Wanashuka uwanja wa ndege na kaptula, na kufikia jioni tumeshawaazima sweta. Asubuhi wingu hukaa juu ya jiji kama kifuniko cha sufuria, jua hutokea mchana likitaka, na kufikia saa kumi na moja baridi imerudi. Kwa matembezi, hali hii ni nzuri. Watoto hawachoki upesi, na chakula hakichachi haraka kama Februari. Lakini kujiambia kwamba chakula hakitachacha ndiko kulikowahi kunitia aibu kubwa, na nitawasimulia ili msirudie.

Kabla sijawa mwalimu mkuu nilisimamia safari ya watoto kwenda Nakuru. Tuliamka usiku tukapika pilau, na kufikia saa kumi alfajiri iko tayari. Tukaipakua ikifuka moshi kwenye ndoo mbili kubwa, tukazifunika, tukazifunga kwa leso, zikaingia buti la basi. Nilijisifu kwa ufungaji wangu. Tulizifungua saa nane mchana. Juu pilau ilikuwa na rangi yake ileile nzuri, lakini nilipozamisha mwiko katikati nilisikia harufu ya uchachu, kidogo tu, kama uji uliolala, na punje zilikuwa zinavutana. Mwenzangu akasema hiyo ni iliki. Watoto walikuwa na njaa, foleni imeshapangwa, nami nikanyamaza. Tulipofika Gilgil basi lilisimama mara ya kwanza. Kufikia Limuru lilikuwa limesimama mara tano, na dereva alikuwa haongei na mtu. Wote walipona kesho yake, Mungu ni mwema, lakini wazazi wawili hawakunisalimia mpaka watoto wao walipomaliza shule, na sikuwalaumu.

Baadaye ndipo nilipoelewa kilichotokea. Mchele mbichi huwa na vijidudu vinavyojifunga kama mbegu, hata maji yanayochemka haviyajali. Wali ukikaa na uvuguvugu kwa muda mrefu, mbegu zile huamka na kuzaana, na baadhi yao huacha sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha wali upya. Shirika la Afya Duniani linasema eneo la hatari ni kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi, na kwamba chakula kilichopikwa kisikae humo zaidi ya saa mbili. Ndoo zetu zilikaa saa kumi zikipoa polepole, na zile leso zangu ndizo zilizokuwa zikivilea vijidudu kama mtoto mgongoni.

Kwa hiyo pilau, wali na chochote chenye mchuzi wa nyama vibaki nyumbani, mvikute jioni. Najua kuna watakaosema wana hotipoti nzuri. Hotipoti nyingi zilizoko madukani huweka chakula cha moto mpaka mgeni amalize kunawa mikono, hazikutengenezwa kwenda Ngong.

Chakula kinachosafiri vizuri ni kile kikavu, au chenye ganda lake. Viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda, nduma, mahindi, mandazi, ndizi, machungwa. Nduma iiveni sawasawa, la sivyo itawawasha watoto koo na mtaambiwa mmewalisha kiwavi. Chapati nazipenda zaidi, kwa sababu pakiti moja ya unga ya kilo mbili hutoa zaidi ya ishirini na familia inashiba. Zipikeni jioni ya kuamkia safari, lakini msizifungie zikiwa moto. Mvuke hugeuka maji, asubuhi unazikuta zimelowa na zimegandana. Zitandazeni kwenye sinia zipoe kabisa, mzikunje kwa kitambaa safi cha pamba, ndipo ziingie kwenye kontena. Parachichi libebeni zima pamoja na kisu na chumvi kidogo kwenye karatasi, mlipasue huko huko na kulipaka kwenye chapati. Vivyo hivyo nyanya na kitunguu: kachumbari iliyokatwa saa kumi na mbili asubuhi, kufikia saa saba ni maji tu na harufu imejaa mfuko mzima.

Mayai yachemsheni asubuhi mkiamka, wala msiyamenye. Ganda ni kifungashio mlichopewa bure na kuku. Yaliwe mapema, kwenye chai ya saa nne, pamoja na soseji kama mmebeba, kisha viazi na chapati visubiri mchana. Watu wengi hufanya kinyume. Huanza na biskuti, wakaweka vya nyama na mayai kuwa "chakula chenyewe" cha saa nane, na kumbe hivyo ndivyo visivyoweza kungoja. Soseji za watoto wadogo zikatwe kwa urefu, si vipande vya duara, maana duara la soseji hukaa kooni kama kizibo. Njugu karanga kwa aliye chini ya miaka mitano ni hatari kwa sababu hiyohiyo. Kwa wakubwa njugu ni chakula kizuri sana, lakini zichambueni kwanza. Yenye ukungu au iliyosinyaa tupeni, kwa kuwa ukungu ule huweka sumu ya aflatoksini, na kukaanga hakuiondoi yote. Na ikiwa mtoto wenu huvimba midomo au kukohoa akila njugu, mwambieni kila mtu mtakayeandamana naye.

Chai ya maziwa kwenye thamosi, ndiyo, kwa baridi hii. Isuuzeni thamosi kwa maji yanayochemka kabla ya kutia chai, mtaona tofauti. Maji ya kunywa bebeni angalau lita moja kwa kila mtu, yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Wenye friji waigandishe chupa moja usiku kucha, waizungushie gazeti, waiweke karibu na vile vinavyotaka ubaridi. Kufikia mchana barafu imeyeyuka, mnainywa. Chupa iwe ya chuma au ile ngumu ya kutumia kila siku. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja, chupa za maji zikiwemo, haziruhusiwi kwenye mbuga, misitu na maeneo yaliyohifadhiwa, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima Agosti 2017. Askari wa langoni atawatoa chupa mkononi mbele ya watoto, na mtakuwa hamna maji tena. Kiondo cha nyanya wa watoto kilichoning'inia nyuma ya mlango kinatosha kubebea vyote. Msisahau kipande cha sabuni na chupa kuukuu ya maji ya kunawa, hasa kama mtoto ameshika vyuma vya matatu njia nzima.

Sasa ile aiskrimu. Mtoto hawezi kupita mbele ya aiskrimu kama kipofu, na mimi siwaombi mumfanye hivyo. Ninachofanya na wajukuu wangu ni kupatana mlangoni, viatu vikiwa vinafungwa: leo kila mtu ana kitu kimoja cha kununua, kimoja tu, na atachagua mwenyewe ni nini na saa ngapi. Nimeshangaa mara nyingi jinsi mtoto anavyokuwa bahili akijua ni kimoja. Mdogo wao mwaka jana alizunguka na chaguo lake siku nzima, na mwishowe akanunua miwa.

Kuhusu tumbili, nisikilizeni vizuri. Tuliwahi kuwapeleka Gredi ya Tatu kwenye bustani moja ya jiji, tukawaketisha kwenye nyasi kwa mistari mizuri, tukasema haya, toeni chakula. Kosa letu. Karatasi za krispi zilipoanza kulia kwa pamoja, matawi ya juu nayo yakaanza kutikisika. Tumbili wa kwanza alishuka bila haraka, akatembea katikati ya watoto kama mwalimu wa zamu, akasimama mbele ya msichana mmoja mnyamavu, akamtazama, akanyoosha mkono akachukua mkate. Hakupora, alipokea. Kisha akapanda tawi la chini, akaufungua, akala siagi akatupa maganda ya mkate juu yetu. Wenzake hawakuwa na adabu hiyo. Tangu siku hiyo tunakula kwa zamu, watu wazima wakiwa wamesimama pembeni, chakula kinatoka kwenye mfuko uliofungwa kimoja kimoja, na hakuna krispi. Msiwalishe, hata mtoto akilia kwa huruma. Tumbili aliyezoea mkono wa mtu huanza kuuma mikono isiyo na kitu.

Mahali pa kwenda sipo pachache. Kama ni mara yenu ya kwanza na watoto ni wa gredi za juu, nendeni Makavazi. Uani kuna sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit ambaye Rais Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri mwaka 1970, akafa 1974, na ukimsimamisha mtoto chini ya pembe zile utaona anapunguza sauti mwenyewe. Ndani kuna mifupa ya yule mvulana wa Turkana aliyegunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu huko Nariokotome. Aliishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita na alikufa akiwa bado mtoto. Watoto wetu wakiambiwa hivyo husogea karibu na kuanza kulinganisha meno. Kuleni nje, kabla ya kuingia. Mtoto mwenye njaa hasomi maandishi ya ukutani, hata mzazi wake hasomi.

Wenye wavulana wanaopenda magari na mashine wawapeleke Makavazi ya Reli, karibu na stesheni. Kuna behewa moja pale ambamo mwaka 1900 afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alikamatwa na simba usiku, katika stesheni ya Kima, akatolewa nje kupitia dirishani. Alikuwa amekaa kumvizia simba huyohuyo, akasinzia. Wasimulieni mkiwa ndani ya behewa, si nyumbani. Na huko ndiko mahali pa kuwaeleza kwamba jiji hili lilianza 1899 likiwa kambi ya reli, kwenye maji ambayo Wamaasai waliyaita baridi.

Karura ni ya kutembea. Msitu una zaidi ya hekta 1,000, maporomoko ya maji, na mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Mwaka 1999 Profesa Wangari Maathai alipigwa hapo akipanda miti, viwanja vilipokuwa vinagawanywa, na leo watoto wanakimbia humo. Mimi huwaonyesha wajukuu mti mmoja mkubwa na kuwaambia tu kwamba ungekuwa sebule ya mtu. Bebeni chakula chepesi, kwa kuwa mtakibeba wenyewe kilomita kadhaa.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ya kwanza kutangazwa Kenya, mwaka 1946, inataka gari kuizunguka. Lakini pale lango kuu la Langata Road, ambapo matatu za 125 na 126 hupita, kuna Safari Walk ambako mnapita kwenye njia ya mbao iliyoinuliwa na kuwatazama wanyama kwa miguu yenu. Kwa KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia mbuga, malipo hufanywa kupitia eCitizen, mtandao wa serikali, hawachukui pesa taslimu. Lipieni usiku wa kuamkia safari mkiwa nyumbani, kwa sababu nimewaona akina baba wakipigana na simu langoni huku watoto wamekalia kikapu, na kikapu kina mayai.

Milima ya Ngong kwa matatu ya 111 ni ya watoto wakubwa na ya kundi, msiende watu wawili. Kule juu, kama mita 2,460, upepo unaozungusha zile pangaboi kubwa za umeme hauchagui mtu, basi sweta mbili na kofia. Mtoto anayetapika garini asipewe maziwa wala vya mafuta kabla ya safari. Mpeni kipande cha kiazi kitamu na akae karibu na dirisha. Fourteen Falls, maporomoko yaliyo karibu na Thika, ni pazuri kutazama, lakini maji yale ni ya Mto Athi uliopokea uchafu wa jiji letu zima, na miamba ina utelezi. Wasiogelee, hata wakiona wengine wamo. Na ambaye Agosti hii hana nafasi yoyote ila Jumapili alasiri moja, kuna Jeevanjee katikati ya mji, bustani iliyokuwepo tangu 1906, ambapo kiti ni nyasi na mhubiri ni wa bure. Mama wa mboga, hiyo ni saa mbili tu.

Andikeni namba yenu ya simu ndani ya ukosi wa sweta ya mtoto. Kalamu ya wino wa kudumu iko ofisini, njooni muitumie.

Sitaki insha wala picha za kubandika kutoka kwa watoto. Siku ya kufungua nitapita madarasani nikiwauliza walikwenda wapi na walikula nini, na majibu ya swali la pili ndiyo nitakayoyaamini.

Kabla sijasahau: kabati la vitu vilivyopotea limejaa. Kuna kontena 23 za chakula, thamosi 2, chupa za maji ambazo sijazihesabu na sweta 11. Kontena moja ya samawati yenye kifuniko chekundu iko hapo tangu Februari, na sitasema niliyoyakuta ndani, nimeiosha mara tatu. Mtazihitaji likizo hii. Njooni mzichukue Ijumaa kabla ya saa kumi jioni. Zitakazobaki, Jumamosi nitazijaza chapati niende nazo Karura na wajukuu.

Wenu katika kazi,

Mwalimu Mkuu